Rola ya kuchulia misuli: miezi mitatu na miguu ya baiskeli

Choo cha nyumbani kwetu ni cha kuchuchumaa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo lililonitoa shilingi 38,000 mfukoni. Jumapili nilikuwa nimepanda kutoka Himo hadi Marangu Mtoni mara tatu, gia nzito, nimesimama juu ya pedeli, najiandaa na mashindano. Jumatatu niliamka mzima kiasi. Jumanne alfajiri nikashika kitasa cha mlango wa choo kwa mikono miwili na bado nikashuka kwa kishindo.

Wenzangu wa Moshi tunaoendesha nao wanasema hiyo ni asidi imeganda miguuni. Siyo. Asidi ya laktiki huwa imeshasafishwa na mwili saa moja au mbili baada ya kushuka kwenye baiskeli. Kinachouma siku ya pili ni nyuzi za misuli zilizochanika kidogo kidogo, mwili uko kazini kuzitengeneza. Ndiyo maana maumivu huja yamechelewa, ukishaanza kujisifu kwamba safari hii umepona.

Rola niliyonunua ni gogo la povu gumu, sentimita 33, lina matuta kama gunzi la mahindi. Unatandika mkeka, unalala kifudifudi, paja juu ya gogo, unajisukuma taratibu kutoka juu ya goti hadi karibu na nyonga. Dakika moja au moja na nusu kila msuli inatosha. Ukifika panapouma unatulia hapo, unapumua. Siku ya kwanza sikupumua, nilipiga kelele hadi mke wangu akaja kuangalia. Kwa vigimbi unakaa chini na kupandisha mguu mmoja juu ya mwingine ili uzito uongezeke. Usipitishe kwenye goti lenyewe wala kiunoni.

Je, inasaidia? Nilijipima. Wiki moja Himo–Marangu na rola kila jioni, wiki iliyofuata njia ileile bila rola. Miguu ilirudi kawaida Alhamisi mara zote mbili. Kilichobadilika ni Jumanne: nikishajibingirisha nachuchumaa bila kushika kitasa, nashuka ngazi za kazini nikitazama mbele kama watu. Baada ya saa chache ugumu unarudi, lakini umepungua makali. Kwa hiyo muuzaji aliyeniambia "inatibu" alinidanganya kidogo.

Nimeilinganisha na vingine. Mashine ya masaji ya kutetemeka, ya kuazima, ni tamu kwenye vigimbi, ila bei yake ni mara kadhaa ya rola, na umeme ukikatika chaji nayo imeisha. Dawa ya kuchua inapasha ngozi moto na kukufariji. Nawa mikono kabla ya kugusa macho, na kabla ya kwenda kulekule chooni. Vidonge vya diklofenaki nimeacha. Kuvimeza baada ya saa nne za jasho, mwili umekauka maji, ni kuzitafutia figo balaa.

Kinachoishinda rola kabisa ni mikono ya mama mmoja mtaani kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umejiumiza tena?"

Anakanda nusu saa, 15,000. Waendeshaji wa Tour de France wanakandwa kila jioni kwa wiki tatu na mtu anayelipwa na timu. Mimi namudu mara moja kwa mwezi, siku nyingine ni gogo, bakuli la mtori wenye nyama na kulala mapema. Usingizi na mtori, kusema kweli, naviweka juu ya rola.

Kuna maumivu ambayo nilipoteza wiki tatu nikiyabingirisha bure: mbele ya goti la kulia, yakizidi kila mlima. Fundi alinitazama nikizungusha pedeli akasema siti iko chini. Tukaipandisha sentimita moja na nusu, baada ya wiki mbili goti likanyamaza. Vilevile, shavu la mguu mmoja tu likivimba na kuuma, au mkojo ukiwa mweusi kama soda baada ya mazoezi makali, weka rola pembeni uende hospitali siku hiyohiyo.

Kasoro za bidhaa yenyewe: matuta ni makali mno kwa anayeanza, afadhali aanze na ile laini isiyo na matuta. Ilinuka povu jipya wiki nzima. Mwezi wa pili povu likaanza kubanduka upande mmoja, na dukani nikaambiwa haina garantii. Mwanangu sasa anaipanda kama farasi, jambo ambalo halisaidii. Kabla hujalipa, bonyeza ncha zote mbili uone kama povu limeshika.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu ya gundi.