Unga wa kusawazisha sakafu: palipofaa na palipokataa

Niseme mapema: huu unga, ule wa simenti unaokorogwa na maji, ukamwagwa sakafuni na kujisawazisha wenyewe, ni mzuri, ila wauzaji wanausifia hadi kwa kazi isiyo yake. Nimeutumia kwenye nyumba yetu ya Kinyerezi, Dar es Salaam, vyumba viwili vya kulala, na kidogo tu tuumwage sebuleni pia. Vyumbani umenipa sakafu ambayo nyumba hii haijawahi kuwa nayo. Sebuleni ingekuwa ni kutupa pesa shimoni, na hapo kwenye shimo sitii chumvi, mtaona.

Nyumba yetu ilijengwa kidogo kidogo kama nyingi za huku, kila chumba na fundi wake na msimu wake wa pesa. Kwa hiyo kabati lilikuwa linasimama kwa msaada wa kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, na ukipiga deki maji yanatuama katikati ya chumba. Tulipotaka kuweka marumaru, fundi wa kwanza aliangalia akasema, "Dada, hapa tunapiga niru tu, inakaa." Niru, yaani uji wa simenti tupu unaolainishwa juu ya sakafu, naipenda, ina mng'ao wake, lakini ni ngozi nyembamba, inafuata bonde lilivyo. Ukiilazimisha ijaze bonde inapasuka halafu inabanduka vipande. Nikamshukuru, nikatafuta mwingine.

Wa pili alinikosha kwa sababu hakuanza na bei. Alianza na mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Akaujaza, akahakikisha hauna povu la hewa, akaweka alama ukutani kuzunguka chumba kizima kwa usawa wa maji. Kutoka kwenye alama hizo akapima kwa futi kwenda chini. Mlangoni sentimita 100, katikati 100 na nusu, chini ya dirisha 100 na kidogo. Sebuleni sasa: mlangoni 100, kona ya dirisha 103. Hizo sentimita tatu ndizo zilizoamua kila kitu.

Hesabu ya unga ni rahisi, na muuzaji hatakufanyia. Kila mita moja ya mraba, kwa unene wa milimita moja, inakula kilo 1.6 hadi 1.7 hivi. Chumba cha mita 12 za mraba ukikijaza milimita 5, unahitaji kama kilo 100, yaani mifuko minne ya kilo 25. Eneo hilohilo ukitaka kulipandisha sentimita tatu unazungumzia mifuko karibu 25! Na mfuko mmoja kwetu ulikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya mfuko wa simenti ya kawaida wa kilo 50. Kwa sentimita tatu, simenti moja kwa mchanga nne vinamaliza kazi kwa mifuko mitatu hivi ya simenti. Hapo hakuna cha kujadili.

Vyumbani kazi ilikwenda hivi. Sakafu ya zamani ilikuwa na niru imeng'aa, na juu ya kitu laini namna ile unga haushiki, kwa hiyo ilikwaruzwa kwa grenda hadi zege likaonekana. Vumbi lake usiulize. Funika hadi sahani. Kisha wakafagia, wakafuta, wakapaka praima, ile dawa ya majimaji inayoziba vitundu vya zege na kufanya unga ushike. Praima msiikubalie fundi airuke. Zege kavu linafyonza maji ya mchanganyiko na kutoa hewa, na sakafu ikikauka unakuta vijishimo kama uso wa chapati.

Maji yanapimwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Saidia fundi alitaka kuongeza kidogo ili uji uwe mwepesi, akazuiwa. Maji yakizidi juu panabaki unga unga, ukipitisha kucha unachimbika. Mchanganyiko unakorogwa kwa drili yenye mwiko wa kukorogea, na hapa ndipo Dar inapokuonyesha rangi zake: joto linafanya uji uanze kukaza upesi, na umeme ukikatika katikati ya ndoo umekwisha. Walianza asubuhi mapema, madirisha yamefungwa upepo usikaushe juu kabla ya chini, na jenereta la jirani likiwa tayari uani. Mmoja anakoroga, mwingine anamwaga, bila kupumzika, kwa sababu ukichelewa uji wa kwanza unakuwa umeshaganda na kiungo kitaonekana. Kisha wanausambaza kwa rula na kupitisha rola yenye miiba kutoa hewa. Kuutazama ukijilaza wenyewe hadi pembeni kunaridhisha sana, sikatai.

Matokeo: rula ya mita mbili ikilazwa popote, sarafu haipiti chini yake. Marumaru zimekaa bila fundi kujaza gundi nene upande mmoja. Kero ni mlango. Sakafu ikipanda milimita 5, na marumaru juu yake, mlango unakwaruza. Seremala ilibidi aung'oe na kuupiga randa chini. Hiyo gharama iwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kero ya pili ni duka. Mfuko mmoja ulikuwa na mabonge magumu, na tarehe ya mwisho ilikuwa imekaribia. Walibadilisha baada ya mabishano marefu. Siku hizi nabonyeza kila mfuko kwa vidole kabla haujapanda kwenye bajaji.

Sasa sebule. Muuzaji alishaniambia, "Dada, mwaga tu, inajisawazisha yenyewe." Fundi akachukua nyundo ndogo akagonga kuanzia mlangoni. Huku mlio mzito, umekufa. Alipofika kona ya dirisha mlio ukabadilika, mtupu kabisa, na ukitazama vizuri kulikuwa na nafasi kati ya sakafu na ukuta. Akabomoa kipande kwa tindo. Chini ya zege mkono ulipita. Kifusi kilikuwa hakijashindiliwa, na maji ya paa, ambalo upande huo halina mfereji, yalikuwa yakidondoka miaka yote pembeni ya msingi na kukivuta kidogo kidogo. Unga ungeongeza uzito juu ya zege linaloning'inia.

Kwa hiyo kona yote ilibomolewa, ikajazwa kifusi kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikimwagiwa maji na kushindiliwa, ikawekwa nailoni, wavu wa chuma, na zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani simenti, mchanga na kokoto. Magunia yaliyolowa yalikaa juu wiki nzima; watoto walikuwa wanapita jikoni. Sehemu iliyobaki ya sebule ikasawazishwa kwa mchanga na simenti juu ya uji wa simenti, na mfereji wa paa ukawekwa. Pesa nyingi ilikwenda kwenye mfereji, na ndiyo pesa ninayoilalamikia kidogo kuliko zote.

Bafuni msithubutu kuupeleka. Kule unataka mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, sentimita moja au mbili kila mita, na unga huu utakusawazishia hadi maji yabaki yamesimama.

Unga naupa nne kati ya tano kwa mabonde yasiyozidi sentimita moja, kwenye zege lisilolia tupu. Stoo yetu ina bonde la namna hiyo mlangoni, na fundi nimeshamwambia aje na drili yake mwisho wa mwezi.