Seti ya mishumaa ya soya: nta safi, mafuta ndo kiini macho

Hii seti ya kutengenezea mishumaa ya kunukia niliagiza mwezi wa saba kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni yuko Dar, elfu 75 kwa simu na elfu 5 ya mzigo, kesho yake jioni nikaenda kuichukua ofisi za basi hapa Arusha, baridi inakata masikio, Julai ya kwetu mnaijua. Jina la duka silitaji, sitaki kumharibia mtu riziki, ila anayetaka kununua ajue ananunua nini.

Ndani kuna nta ya soya kilo moja, iko kama sabuni ya mche iliyokwanguliwa, jagi la bati, themomita, tambi kumi (za mshumaa jamani, siyo za kupika na sukari) na vichupa vitatu vya mafuta ya mimea, lavenda, mchaichai na ndimu, kila kimoja mililita 10. Vya kumiminia hamna, unajitafutia, mi nilikusanya chupa za jamu nikaongeza glasi mbili nene za Soko Kuu.

Nta sina neno nayo kabisa. Unaweka jagi ndani ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, usiweke moja kwa moja kwenye jiko, inayeyuka taratibu inakuwa kama mafuta ya kupikia, na kwa kweli ndo hayo hayo, ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani kwa njia ile ile wanayogandishia majarini. Ukimwaga mezani inatoka kwa maji ya moto na sabuni, siyo kama nta ya mishumaa ya kawaida ambayo utakwangua na kisu mpaka vanishi itoke. Ila usije ukaimwaga kwenye sinki, itaganda huko chini utamtafuta fundi bomba.

Sasa njoo kwenye mafuta, hapa ndo nilikasirika. Karatasi ya maelekezo imeandika kila gramu 100 za nta weka gramu 8 za mafuta. Sawa, mi siyo mtu wa hesabu ila hata mtoto wa darasa la tatu ataona, kilo moja inataka gramu 80, na we umenipa vichupa vitatu vya mililita 10, na mafuta haya ni mepesi kuliko maji kwa hiyo jumla haifiki hata gramu 30! Nikamtumia meseji, kaka hii imekaaje, akanijibu haraka tu, "Dada mafuta ya ziada yapo, kichupa elfu 12." Ahaa. Kumbe biashara iko hapo.

Basi nikaamua kila kichupa kizima nikitie kwenye gramu 150 za nta, inakuwa kama asilimia 6 hivi, inatosha. Karatasi inasema mimina mafuta nta ikiwa nyuzi 85, mi sikufuata, hayo labda ni ya manukato ya viwandani, haya ya mimea yanapaa haraka, na ya ndimu mvuke wake unaweza kushika moto kwenye nyuzi kama 50 tu, kwa hiyo unatoa jagi motoni kwanza, unaacha ipoe mpaka 60 hivi ndo unatia, unakoroga dakika mbili pole pole, unamimina.

Siku ya pili nikawasha wa lavenda, hamna kitu, nikanusa mpaka nywele zikataka kuungua. Nusura nitume meseji nyingine ya matusi. Kumbe nta ya soya inataka muda, funika uache wiki moja mpaka mbili. Nilivyorudi baada ya siku 14, mchaichai ulikuwa mtamu yaani sebule nzima, jirani yangu kapita akauliza nani kapika chai. Lavenda iko ila ya mbali, mpaka ukae karibu. Ndimu ilishakufa, ndani ya chupa unaisikia, ukiwasha hamna, harufu za jamii ya machungwa ndo zilivyo, peke yake haishiki. Angetuwekea karafuu jamani, nchi ya karafuu hii, harufu yake nzito na inakaa.

Afu nikajifanya mjanja, ile nta iliyobaki bila harufu nikatwanga karafuu za jikoni nikamwaga humo. Msijaribu. Zilizama chini karibu zote, chache zikaganda karibu na utambi, zikashika moto zenyewe, moto ukawa wa pili pembeni, nikafunika na kifuniko cha sufuria (siyo maji, maji kwenye nta ya moto inaruka). Hiyo mingine nikaiacha bila harufu, ni ya umeme ukikatika.

Tambi nazo ni nyembamba, kwenye chupa ndogo ya jamu sawa, ila kwenye glasi pana mshumaa ulichimba shimo katikati kama kisima, nta ya pembeni ikabaki nzima haijaguswa. Niliweka mbili mbili ikakaa vizuri. Na mara ya kwanza ukiwasha usizime mpaka juu kote kuwe kumeyeyuka, la sivyo kila siku litarudi shimo lile lile.

Kwa baridi yetu hii mishumaa ilitoka na ukungu mweupe juu na mingine kupasuka, siyo mbovu, ni kupoa haraka. Pasha chupa kwanza kwenye maji ya moto uzifute zikauke kabisa, na ukungu ukitokea pitisha draya ya nywele juu, inalainika.

Ile sifa ya kwamba mishumaa ya soya haitoi moshi kabisa ni maneno ya biashara, utambi ukiwa mrefu unatoa masizi kama mwingine wowote, kata ubaki milimita 5 hivi. Na mwenye paka nyumbani awe makini na haya mafuta, mengi ni sumu kwao.

Nyota 3 kati ya 5, mbili na nusu ni za nta. Nitaagiza tena kwake ila nta tupu na tambi nene, mafuta ya karafuu kuna mtu anatoka Zanzibar mwezi ujao nimeshampa hela.