Kliniki ya homoni kwa binti wa miaka 15: huduma ya kuaminika, karatasi ya majibu ya kutisha bure

Binti yangu ana upungufu wa homoni ya thairoidi uliotokana na ugonjwa wa Hashimoto, ambao kinga ya mwili huishambulia tezi iliyoko shingoni, na kwa zaidi ya mwaka sasa anatibiwa katika kliniki moja binafsi ya Dar es Salaam. Wazazi wengi huniuliza kama kuna haja ya kulipia kliniki ya namna hiyo ilhali damu hupimwa katika maabara nyingi za mjini. Kwa maoni yangu haja ipo, ingawa si kwa sababu ya mashine zao.

Ubora wao huonekana hata kabla ya sindano. Muuguzi anayetoa damu humuuliza binti mwenyewe, wala si mimi, kama amekwisha kumeza kidonge cha siku hiyo na kama anatumia vidonge vya kukuza nywele au kucha. Levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi iliyomo katika kidonge chake, ikimezwa muda mfupi kabla ya kipimo, T4 huru, ambayo ni homoni ya thairoidi iliyo huru katika damu, hupanda kwa saa kadhaa. Biotini, vitamini iliyomo katika vidonge vingi vya nywele, huweza kuvuruga baadhi ya mashine hadi TSH, homoni ya ubongo inayoichochea tezi na ambayo hupanda thairoidi ikipungua, ikasomeka chini na T4 juu kuliko hali halisi, na asiyelijua hilo atadhani dozi imezidi, aipunguze.

Daktari naye huzipanga karatasi za vipimo vyote mezani na kuzisoma kwa pamoja. Safari moja TSH ilikuwa 11 huku T4 huru ikiwa ya kawaida kabisa, nami nilitarajia dozi iongezwe. Badala yake aliniomba nisubiri nje, akazungumza na binti faragha. Ikabainika kwamba shuleni alikuwa akiruka vidonge, kisha akavimeza kwa bidii siku chache kabla ya kipimo. T4 huitikia upesi, ilhali TSH huchukua wiki kadhaa kushuka. Dozi haikuguswa. Kwa kuwa kidonge hutakiwa kumezwa tumbo likiwa tupu na uji wa bweni hunywewa alfajiri, kidonge kilihamishiwa wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula, na vidonge vya madini ya chuma vikatenganishwa nacho kwa saa nne. Kipimo kilirudiwa baada ya wiki sita, na TSH ilikuwa imeshuka bila maikrogramu moja kuongezwa. Mazungumzo yale pekee yalistahili ada yote ya siku hiyo.

Kasoro zao ziko kwenye karatasi. Majibu huchapishwa kwa viwango vya watu wazima, yaani TSH ya 0.4 hadi 4.0, wakati kikomo cha juu kwa vijana mara nyingi huwa juu kidogo. Hivyo tulipopata 4.3 ilitujia usiku kwa simu ikiwa na alama nyekundu, bila neno lolote la maelezo, na binti akakosa usingizi kwa jambo ambalo daktari alilipita kwa sentensi moja. Wanatumia pia kizio cha pmol/L kwa T4 huru, tofauti na maabara yetu ya awali iliyotumia ng/dL, wala hawakutuambia kwamba 1.2 ya kule ni sawa na takriban 15 ya hapa. Duka lao la dawa liliwahi kutubadilishia aina ya levothairoksini kimyakimya, na badiliko hilo linahitaji kufuatiwa na kipimo.

Lililoniudhi zaidi ni kifurushi cha vipimo kinachojumuisha kingamwili za TPO, zile zinazoonyesha kwamba kinga inaishambulia tezi, kila ziara. Ugonjwa ukishathibitishwa, kuzipima tena hakubadilishi dozi. Mwambie mtu wa mapokezi aziondoe, ulipie TSH na T4 huru tu. Ukiomba wanakubali, usipoomba zinaingia kwenye bili.