Mafundi wa kulaza bomba za maji Moshi: kuunga safi, kufukia bado

Kwa bomba za plastiki za milimita 110, kikosi hiki ni cha kuaminika. Ncha zinachongwa sawasawa, zinafutwa kwa spiriti, na baada ya hapo hakuna anayezigusa kwa mkono, maana jasho na vumbi hudhoofisha kiungio. Sahani ya moto ya kuyeyushia ncha kabla ya kuziunga huwa karibu nyuzi joto 220 za Selsiasi. Uvimbe wa plastiki iliyoyeyuka kwenye kiungio hutoka sawa pande zote, na vibano havifunguliwi mpaka kipoe chenyewe. Kukimwagia maji ili kuwahi ni kuharibu kazi, nao hawafanyi hivyo.

Jaribio la presha wanalijua. Bomba la PN10, yaani la kuhimili presha ya baa 10, hupandishwa hadi baa 15. Plastiki hutanuka, hivyo geji hushuka mwanzoni hata pasipo mvujo. Huongeza maji, husubiri itulie, ndipo huanza kupima.

Shida ni kufukia. Udongo wa hapa una mawe ya volkano yenye makali, na mafundi huurudisha mtaroni ulivyo. Mkwaruzo ukizidi sehemu ya kumi ya unene wa bomba, kipande hicho ni cha kukatwa. Andikeni kwenye mkataba: mchanga sentimita 10 chini, 15 juu, viungio viachwe wazi hadi jaribio liishe.