Matone ya vitamini D kwa watoto: yanafaa, ila lebo inaahidi kupita kiasi

Matone haya niliyanunua katika famasi moja jirani na Barabara ya Kenyatta, jijini Mwanza, kwa ajili ya mwanangu wa miezi minane. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo, na mtoto anayeshinda ndani na dada wa kazi anaweza kupungukiwa hata hapa kwetu, ambako jua huwaka mwaka mzima. Kwa mahitaji hayo dawa inafaa: ni ya mafuta, haina sukari, na mtoto huimeza bila kulia.

Lebo, hata hivyo, inatamka kwamba matone haya huzuia mafua na nimonia, nami dai hilo silikubali. Ni kweli kwamba vitamini D husaidia chembe za kinga kutengeneza kathelisidini, protini inayoua vijidudu. Na huko Mongolia, watoto wa shule wenye upungufu mkubwa waliokunywa maziwa yaliyoongezwa vitamini hiyo kila siku wakati wa baridi walipata maambukizi ya njia ya hewa karibu nusu tu ya wenzao. Lakini mjini Kabul, watoto wachanga waliopewa yuniti 100,000 kwa mkupuo kila baada ya miezi mitatu waliugua nimonia sawa na wenzao wasiopewa. Kinachonitia hofu ni mzazi atakayeiamini lebo hiyo, akaendelea kudondosha matone nyumbani huku mtoto anapumua haraka na kifua kinabonyea, badala ya kumkimbiza kituo cha afya.

Kasoro nyingine ni kipimo. Tone moja la chupa hii lina yuniti 400, ambazo ndizo zinazopendekezwa kwa siku kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ilhali chupa nyingine kwenye rafu hiyohiyo hutoa kiasi hicho kwa mililita nzima. Aliyezoea ile nyingine akijaza mrija wa hii, atampa mtoto zaidi ya mara ishirini ya kipimo. Na vitamini D ikizidi kwa muda, kalisi hupanda katika damu, mtoto hutapika na figo huweza kuumia. Maelezo yote ni ya Kiingereza, kwa herufi ndogo mno. Namshukuru mfamasia aliyeandika kwa kalamu juu ya kisanduku, “tone 1 kwa siku”, kisha akaniuliza kama mtoto amekamilisha chanjo ya nimonia. Nitainunua tena, na ningependa mtengenezaji achape maneno hayo kwa Kiswahili.