Kutoa harufu ya sigara kwenye gari la mkononi: huduma niliyolipia na matokeo yake

Kama umenunua gari la mkononi na aliyekuuzia alikuwa mvutaji, soma hii kabla hujampa hela mtu anayekwambia "tutaliosha ndani litanukia", maana harufu ya sigara haitoki kama matope yanavyotoka, na hela yangu ya kwanza iliishia kwenye pafyumu.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya 2006, namba D, injini haina shida, bodi imetulia, na kaka aliyeniuzia hakunificha, alisema anavuta na anavutia humo humo vioo vimefungwa AC inawaka, foleni ya Dar ilivyo unaweza kuelewa. Bei ilikuwa nzuri nikachukua. Ila mwanangu wa pili ana pumu, kwa hiyo kwangu hili halikuwa suala la gari kunukia vizuri nikimpa mtu lifti. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema wazi kwamba moshi wa sigara wa mtu mwingine hauna kiwango salama, na hata moshi ukishaisha yale mabaki yanayoganda kwenye vitambaa yana nikotini ndani yake, mtoto anashika siti, anashika mkanda, mkono huo unaenda mdomoni.

Sehemu ya kwanza nilikopeleka ilikuwa kaa washi ya kawaida, wakapiga vakyumu, wakasugua siti kwa sabuni, wakamalizia na pafyumu kali na kile kimti cha kuning'iniza kwenye kioo. Nililipa nikaondoka nimeridhika kabisa. Kesho yake gari limeshinda juani kazini, nafungua mlango jioni, yaani ile hewa iliyonipokea ilikuwa sigara imechanganyika na stroberi, nikashindwa hata kuingia. Joto ndio linaitoa harufu kwenye sponji na vitambaa, ndio maana asubuhi unaweza kudhani limepona halafu saa tisa mchana unaisikia yote. Shangazi naye akanishauri nifukize udi, na udi ninaupenda sana nyumbani, lakini kwenye gari lenye sigara unaongeza moshi juu ya moshi, sikushauri.

Ndio nikaelekezwa kwa fundi mmoja anayefanya usafi wa ndani tu, haoshi nje wala nini. Huyu ndiye ninayemsifia hapa. Kitu cha kwanza hakugusa siti, alichukua kitambaa cheupe akakilowesha kidogo akapangusa dari, ile ruufu ya kitambaa, kipande kidogo tu juu ya dereva. Kitambaa kilitoka na rangi ya chai ya rangi. Akapangusa kioo cha mbele kwa ndani, hivyo hivyo, njano. Akaniambia, "Dada, wewe umeoshewa siti, lakini moshi unapanda juu, harufu yako iko hapo kichwani kwako na iko kwenye AC." Nikaona huyu anajua anachokifanya, maana ni kweli, moshi ni wa moto, unapanda, unaganda kwenye dari, na ile lami ya sigara inanata kila sehemu hewa inakopita.

Kazi yenyewe ilichukua siku nzima na nilikaa pale kuangalia sehemu kubwa. Siti zilitolewa nje zote pamoja na kapeti, zikapigwa mashine ile inayonyunyiza maji ya sabuni na kuyafyonza hapo hapo, kisha zikaanikwa juani. Alisisitiza zikauke kabisa kabla ya kurudishwa kwa sababu kwa unyevu wa hapa kwetu sponji ikibaki na maji inaota ukungu, unabadilisha harufu moja kwa nyingine. Mikanda ilivutwa mpaka mwisho ikaoshwa, na mikanda ilitoa uchafu kuliko hata kapeti, jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo. Kisahani cha majivu kikatolewa kikalowekwa. Vioo vyote kwa ndani vikafutwa kwa siki na maji, halafu tena, mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Dari ndio ilimchukua muda mrefu na hapa ningependa usikilize vizuri. Kitambaa cha dari kimegundishwa kwenye sponji nyembamba, mtu akikimwagia maji mengi au akakipiga mvuke kwa fujo gundi inaachia na dari inaning'inia kama chandarua, kuirudisha ni kazi nyingine na hela nyingine. Yeye alitumia povu tu, si maji, anapaka kipande, anafuta taratibu kwa taulo ya maikrofaiba, anasogea. Mtu akikwambia dari ataimaliza kwa dakika tano mnyime hiyo kazi.

Halafu AC. Hii alimuita fundi AC wake. Kwenye Toyota nyingi filta ya AC iko nyuma ya kile kidroo cha dashibodi upande wa abiria, unashusha kidroo unaichomoa. Yangu ilikuwa nyeusi na ukiinusa unasikia kisahani cha majivu kabisa. Ikatupwa, ikawekwa mpya yenye mkaa maalumu ndani unaonyonya harufu, hii ni tofauti na mkaa wetu wa kupikia kwa hiyo usihangaike kuweka mkaa wa jiko kwenye beseni ukategemea makubwa. Kuling koili, ile sehemu inayopooza hewa ya AC, ikapulizwa dawa ya povu, maji yaliyotoka kwenye ule mpira wa chini ya gari yalikuwa ya kahawia.

Mwisho kabisa ndio yule fundi wa usafi akaleta mashine inayotoa gesi ya ozoni. Watu wengi wanaitangaza hii kama ndio tiba yenyewe, unapelekewa mashine inawekwa ndani nusu saa unalipa. Ozoni inafanya kazi kweli, inaivunja ile harufu kikemikali badala ya kuifunika, lakini inavunja kile inachokifikia tu, kama lami bado imeganda kwenye dari na vioo harufu inarudi. Kwa hiyo usafi kwanza, ozoni baadaye. Aliwasha feni ya AC kwenye mzunguko wa ndani ili ipite kwenye mabomba yote, milango ikafungwa, hakuna mtu ndani. Hilo la mtu ndani si la kuchukulia poa, ozoni inaunguza mapafu, na kwa mwenye pumu ni hatari sana. Ikiwekwa muda mrefu kupita kiasi inazeesha mipira pia. Baadaye tuliacha milango wazi mpaka jioni na mwanangu sikumpandisha mpaka ile harufu kali ya ozoni ilipoisha kabisa.

Nililipa shilingi 150,000 kwa usafi pamoja na ozoni, AC na filta nikalipa pembeni. Si hela ndogo, ila nimelipia kitu kilichofanyika. Gari sasa likishinda juani ukifungua unasikia plastiki ya moto ya kawaida, basi. Sehemu moja bado, ukisogeza pua kwenye kitambaa cha mlango wa dereva karibu na kioo kuna kaharufu kwa mbali, fundi amesema milango inabidi ifunguliwe pedi zake na hilo hakulihesabu kwenye bei, nadhani alipaswa kuniambia mapema. Nitalirudisha gari kwake. Kwa sasa ninapaka bekingi soda kavu pale kwenye kitambaa usiku, asubuhi nafyonza, inasaidia kiasi.

Kwa anayetaka kununua, usikague gari asubuhi wala likiwa limetoka kuoshwa. Omba lifungwe vioo likae juani, rudi ufungue mlango mwenyewe, kisha washa AC unuse hewa ya mwanzo, na tembea na kitambaa cheupe upanguse dari. Na kama unaagiza Japani, ile karatasi ya mnada usiishie kuangalia gredi, wakaguzi wao huwa wanaandika kama ndani kuna harufu ya sigara au siti imetobolewa na moto wa sigara, lakini wanaandika kwa Kijapani, kwa hiyo mwambie wakala akutafsirie maelezo yote kabla hujatuma hela.