Waya za amplifaya kwenye lori la volti 24: kazi niliyofanyiwa Magomeni, Mtwara

Mwezi uliopita nililipeleka lori langu aina ya Mitsubishi Canter kwa fundi wa umeme wa magari mwenye gereji ndogo Magomeni, hapa Mtwara Mjini, ili anifungie upya umeme wa amplifaya ya redio. Kazi ya namna hii wengi wetu huiona ndogo na kumpa yeyote mwenye koleo na tepu, kumbe ikifanywa vibaya huua betri na hata kuunguza gari.

Lori hili lina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano ili kupata volti 24, ilhali amplifaya za magari kwa kawaida ni za volti 12. Fundi wa kwanza, ambaye sitamtaja, alivuta waya kutoka betri moja tu. Muziki ulilia vizuri nami nikamshukuru. Baada ya miezi minne lori likaanza kugoma kuwaka alfajiri, betri moja ikawa inakausha maji kila wiki, na nyingine haijai chaji hata nikitoka Lindi moja kwa moja. Fundi wa Magomeni aliweka mita injini ikiunguruma: betri iliyolisha amplifaya ilisoma volti 12.6, ya pili 15.4. Akanieleza kwamba alteneta, yaani jenereta ya injini inayochaji betri, inazitazama betri zote mbili kama kitu kimoja na kuzipelekea volti 28 kwa jumla, hivyo ile inayonyonywa ikishuka, mwenzake hubebeshwa ziada mpaka ichemke. "Mzee, hata ukinunua betri mpya leo, waya huu utaziua tena," alisema. Nilinunua mbili mpya, lakini baada ya waya huo kuondolewa.

Alifunga konvata ya kushusha volti 24 kuwa 12, yenye uwezo wa ampea 30, kwa kuwa amplifaya yangu ya wati 200 za kweli hula takriban ampea 20 ikifunguliwa sauti yote. Nilichokipenda zaidi ni mahali alipoiweka. Mimi ningeifunga jirani na betri. Yeye aliiweka nyuma ya kiti, kando ya amplifaya, kwa sababu nguvu ileile ikisafiri kwa volti 24 hupita kwa ampea karibu nusu ya zile za volti 12, na kwa hiyo katika mita nne za kutoka betri hadi kabini waya wa milimita 6 za mraba ulitosha bila umeme kupungua sana njiani. Kutoka konvata hadi amplifaya, umbali usiofika mita moja, alitumia waya wa milimita 10 za mraba. Zote ni shaba tupu: alikwangua ncha kwa kisu mbele yangu nione wekundu hadi ndani, maana sokoni zimejaa nyaya za alumini iliyopakwa shaba, ambazo kwa unene uleule hupitisha umeme pungufu kuliko shaba.

Fyuzi ya ampea 20 ipo sentimita 20 tu kutoka betri, mahali panapostahili, kwani kazi yake ni kuulinda waya wote: ukichubuka na kugusa chasisi, fyuzi ikatike kabla ganda halijashika moto. Redio, ambayo nayo ni ya volti 12, aliihamishia kwenye konvata, na konvata yenyewe akaiwekea rilei, yaani swichi ya umeme, inayofuata ufunguo ili isinyonye betri usiku. Ethi, yaani pale waya wa hasi unapofungwa kwenye chuma cha gari, aliipiga msasa mpaka chuma king'ae, akakaza nati, akapaka grisi. Kwa upepo wetu wa bahari, chuma kilichoachwa wazi hakichukui muda kushika kutu.

Kasoro zipo. Aliniahidi siku moja zikawa tatu, akisubiri konvata kutoka Dar es Salaam, na risiti ya vifaa niliipata baada ya kuidai. Aidha, waya aliubana mno karibu na bawaba ya kabini. Kabini ilipoinuliwa ukavutika kama kamba ya kuanikia nguo. Bahati njema ni kwamba aliyeiinua ili kujaribu ni yeye mwenyewe. Aliufungua, akaacha ulegevu wa kama shubiri mbili, akauvalisha mrija wa plastiki na kuweka mpira kwenye tundu la bati, wala hakuongeza hata shilingi juu ya ile 70,000 ya ufundi tuliyokubaliana.

Wiki iliyofuata nilipanda nalo Newala na kurudi na magunia ya korosho, redio ikilia njia nzima. Nilipofika nyumbani nilipima betri kabla ya kuzima injini: moja volti 14.0, nyingine 14.1.